Bamvua na Kamusi: Msamiati wa Kiingereza Kizimkazi

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Kusini mwa Unguja, basi, kulikuwa na watu wa kalamu karne nyingi kabla ya skuli za Kizungu. Huikumbuka tarehe hiyo kila nisikiapo mtoto wa huko akiitwa mzito wa kichwa kwa kukosa neno la Kiingereza.

Siku moja, ufukweni Mkunguni, nilikaa na mwanafunzi wa darasa la sita. Daftari lake lilijaa maneno aliyoyanakili ubaoni ili ayahifadhi. Alipofika kwenye "spring tide" alikwama: kamusi ilimweleza kuwa "spring" ni chemchemi, au kuruka, au majira ya Ulaya asiyoyajua. Nikamwuliza, "Mwanangu, bamvua huja lini?" Akajibu papo hapo, "Mwezi ukiandama, mwalimu, na ukiwa mpevu. Baina yake ndiyo maji mafu." Elimu alikuwa nayo, alichokosa ni jina lake katika lugha ya mtihani.

Historia inatuonesha njia iliyo kinyume na hiyo. Edward Steere, mmishonari Mwingereza, alifika Unguja mwaka 1864. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha mwongozo wa Kiswahili chenye sarufi na orodha ndefu za maneno, aliyoyapata kwa kuwasikiliza wenyeji. Baadaye Kiunguja cha mjini kilifanywa msingi wa Kiswahili Sanifu, Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930, na kamusi za Frederick Johnson zikatoka mwaka 1939. Mgeni alikutana na kitu kwanza, kisha akauliza jina lake.

Mtoto wa Kizimkazi tunamgeuzia utaratibu huo. Nyumbani husikia Kikae, lahaja ya kusini. Chuoni husoma Kiarabu cha Kurani. Skuli hufundishwa Kiswahili Sanifu. Kisha Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ikaelekeza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Nia ilikuwa kumwandaa kwa sekondari, ambako Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia. Lakini aliyetakiwa kujifunza dhana mpya alitakiwa pia, saa ile ile, ajifunze lugha ya kuielezea. Asiyeweza yote mawili hunyamaza, na ukimya wake huandikwa kuwa ni ujinga.

Wapo watakaosema kuwa wazazi wenyewe wanakitaka Kiingereza. Ni kweli, nami sikikatai. Tangu watalii waanze kumiminika Kizimkazi kuwatazama pomboo, vijana wa mashua wamejifunza Kiingereza cha kazi yao: upepo, mkondo, kina cha maji, bei. Maneno yaliwakaa kwa sababu kila neno lilikuwa na kitu mbele ya macho, na mtu wa kujibiwa.

Ninachowaomba wanafunzi wangu watakaokuwa walimu, na maofisa wanaoandika miongozo, ni kuanzia hapo. Mwalimu wa Sayansi aanze na mwani, mikoko, matumbawe na bamvua. Aeleze kwa Kiswahili mpaka dhana ieleweke, ndipo atoe jina la Kiingereza na kumtaka mtoto alitumie katika sentensi yake mwenyewe. Istilahi za Kiswahili zipo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Maneno machache kwa wiki, yakirudiwa na kutumiwa, yatamfaa mtoto kuliko kurasa za orodha anazozisahau mtihani ukimalizika.

Yule mwanafunzi wa Mkunguni nilimwandikia "spring tide" kando ya neno bamvua. Akaniuliza, "Na maji mafu, mwalimu, wanayaitaje?"