Waya Uliopita Bila Kubisha Hodi

Machi 1899 Cecil Rhodes alikwenda Berlin kumwomba Kaiser Wilhelm II ruhusa ya kupitisha waya. Alitaka telegrafu itoke Cape hadi Kairo, na nguzo zake, zikitokea Nyasa, zilikuwa zinalikabili koloni la Wajerumani. Akakubaliwa. Waya ukapita Fife, jirani na Tunduma ya leo, ukaenda kuishia Ujiji. Rhodes alifariki mwaka 1902, Kairo haijafikiwa. Mkulima wa Unyiha, huko Mbozi, hakuwa na la kusema wala la kusikia humo. Wageni walizungumza wao kwa wao.

Umeme nao haukuwa na haraka ya kuja huku Nyanda za Juu Kusini. Iringa ilikuwa na mtambo wake mdogo wa maji Tosamaganga, Mbeya ikawa na wa Mbalizi. Kituo cha Kidatu kilipoanza kuzalisha mwaka 1975, waya ulielekezwa kwanza Dar es Salaam. Njia ya kilovolti 220 ya Iringa, Mufindi na Mbeya ilisubiri hadi miaka ya 1980.

Ukipita Mafinga, inua macho utazame mnara mmoja wa njia hiyo. Nyaya nene zinazoning'inia kwenye vikombe hazijavikwa chochote. Vikombe hivyo na hewa ndivyo vinavyozitenga na chuma. Waya ule mwembamba wa kileleni hausafirishi umeme. Kazi yake ni kuipokea radi, na radi za Nyanda za Juu si za mzaha. Siku hizi ndani yake hupitishwa nyuzi za kioo za mawasiliano, na Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa mwaka 2009, ulitumia pia nyuzi za TANESCO. Simu na umeme, mnara mmoja.

Sasa kuna njia ya TAZA, yaani Tanzania–Zambia: kilovolti 400, takribani kilomita 620 kutoka Iringa kupitia Kisada, Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, ikiunganishwa na Zambia. Ni pembe ile ile ulikopita waya wa Rhodes. Msongo mkubwa hivyo hupunguza umeme unaopotea njiani, lakini nyumba haiwezi kuunganishwa hapo. Lazima umeme upozwe kituoni, ushushwe hadi kilovolti 33, ndipo ufike kwenye transfoma ya kijiji. Usambazaji huo wa vijijini ndio kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanza mwaka 2007.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mbozi au Mufindi uliyepisha mkuza wa laini kubwa na bado unawasha kibatari, usiukodolee macho mnara. Muulize diwani wako laini ndogo imefika wapi.