Wazanzibari wa Oman: nasaba, ulimi na malezi kati ya pwani mbili

Wazanzibari wa Oman ni raia wa Oman ambao wao wenyewe, wazazi wao au babu zao walizaliwa Afrika Mashariki na Kati na kulelewa kwa Kiswahili. Kwa Kiarabu cha huko huitwa Zinjibari, na jina hilo halichagui: aliyetoka Unguja, Pemba, Mombasa, Tabora, Bujumbura au mashariki ya Kongo huingizwa humo humo, hata kama hajawahi kukanyaga kisiwani. Historia yao inatoa ushahidi wa kutosha juu ya namna mtu anavyopata utambulisho anapokulia kati ya tamaduni mbili. Hoja ya makala hii ni kwamba mtoto wa namna hiyo hurithi vitu viwili vilivyo tofauti, nasaba kutoka kwa baba na ulimi kutoka kwa waliomlea, na kwamba jamii anamoishi humpa jina kwa kile ambacho yenyewe haina. Pale ambapo wote wanasema lugha moja, mtu hutambulikana kwa ukoo. Pale ambapo wote wana ukoo, hutambulikana kwa lugha.

Mizizi ya jambo hili imo majumbani mwa Unguja ya karne ya 19. Sultani Said bin Sultan wa Oman alipohamishia makao yake kisiwani, alifuatwa na wanaume wengi wa makabila ya Oman, lakini wanawake wa Kiomani waliovuka bahari walikuwa wachache mno wakilinganishwa na wanaume. Watoto walizaliwa na wake wa pwani, na pia na masuria, yaani wanawake watumwa waliochukuliwa na mabwana zao. Kwa sheria, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa huru na mrithi sawa na ndugu zake. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wana wanne wa Said waliotawala Unguja mmoja baada ya mwingine, wote walizaliwa na masuria. Kwenye nasaba, basi, mama hakuonekana kabisa. Kwenye ulimi alionekana kila siku. Sayyida Salme, binti wa Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 kwa mama Mcherkasi, na ambaye baadaye alijulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizotoka 1886 kwamba mbele ya baba yake kilichotakiwa ni Kiarabu, lakini alipogeuza mgongo nyumba ilijaa Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi, Kiswahili na lugha nyinginezo. Sioni maelezo mengine yanayoonyesha kwa uwazi zaidi mipaka ya amri ya baba. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, aliweza kuitaja nasaba yake ya Kiarabu bila kusita, lakini alipotaka kuandika habari za maisha yake aliziandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu.

Kwa hiyo, Mwarabu wa Unguja wa mwanzo wa karne ya 20 alikuwa tayari mtu wa pwani mbili. Dalili yake ni neno Mmanga. Waliozaliwa kisiwani walilitumia kumtenga Mwarabu mgeni, aliyetoka Oman juzi, mwenye duka dogo shamba na Kiswahili kinachochechemea. Hata hivyo, kisiwani Kiswahili hakikumbagua mtu mwingine yeyote, kwa kuwa kila mtu alikisema. Kilichobagua ni jibu la swali “wewe ni nani kwa baba?”, na serikali ya kikoloni ililitia swali hilo kwenye madaftari yake. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, waliojiandikisha kuwa Waswahili walipungua ghafla, huku wengi wakijitaja kwa majina mengine, kwa sababu jina la Mswahili lilikuwa limeanza kusikika kama dalili ya asili ya utumwa. Watu hawakubadilika damu katika miaka saba; walichobadilisha ni jibu. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964 yaliyapa majibu hayo uzito wa kutisha. Aliyekuwa Mwarabu daftarini aliweza kuuawa, kufungwa au kufukuzwa kwa ajili hiyo, hata kama Kiarabu chake kilikuwa ni cha sala tu.

Wengi wa waliokimbia hawakufika Oman mara moja. Said bin Taimur, sultani wa Oman wakati huo, hakuwafungulia milango, na wakimbizi walitawanyika Misri, Kuwait, Dubai na Uingereza. Mambo yaligeuka mwanawe, Qaboos, alipotwaa madaraka Julai 23, 1970 na kuwaita Waomani wa nje warudi kujenga nchi. Oman ya wakati huo ilikuwa na shule tatu tu za serikali, zenye wanafunzi 900 hivi, wote wavulana, na mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa nje miaka mitatu tu nyuma. Waliotoka Afrika walikuwa na elimu, Kiingereza na uzoefu wa kazi za ofisi, hospitali na shule. Nasaba ndiyo iliyowafungulia mlango: Barwani, Harthi, Kharusi au Riyami alikuwa na ndugu wa ukoo waliobaki Oman. Lakini walipofungua kinywa waliitwa Zinjibari. Yule aliyemcheka Mmanga kwa Kiswahili kibovu sasa alichekwa kwa Kiarabu kibovu, na kukirimiwa kwake kazini kuliwaudhi wenyeji ambao hawakupata nafasi ya kusoma. Sheria ya Msingi ya 1996 ilikataza ubaguzi kwa asili, rangi au lugha, na lilikuwa jambo jema. Ila sheria haiyaendeshi masikio ya majirani.

Anayeiamini nasaba atasema haya ni madogo, kwamba ukoo ndio ukweli na mengine ni lafudhi. Maisha ya Jamshid bin Abdullah, sultani wa Unguja aliyepinduliwa mwaka 1964, hayakubali jibu hilo. Alizaliwa Unguja mwaka 1929 katika nyumba ileile ya Al Busaid inayotawala Oman, wala hapakuwa na nasaba ya kuishinda yake. Baada ya kupinduliwa aliishi Uingereza zaidi ya nusu karne, na ni mwaka 2020 ndipo alipokwenda kukaa Oman, alikofariki Desemba 2024. Nasaba hufanya kazi pale wenye nchi wanapoitaka.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande mwingine: kwamba kusifu mchanganyiko huu ni kufunika utumwa. Pingamizi hili lina haki. Mtoto alipata jina la baba na mali. Mama yake hakuchagua kuwa mama. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, masuria waliachwa nje ya tangazo hilo, na wakangoja hadi 1909. Lakini kulikubali hilo hakubomoi hoja, bali kunaieleza. Ulimi wa Kiswahili uliovuka kwenda Maskati ulifundishwa kwa sehemu kubwa na wanawake ambao nasaba iliwaruka, na kumwita Mwomani Zinjibari ni kuwakumbuka bila kujua. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba jina hilo ni bandiko tupu lililobandikwa na wengine. Limeegemea kitu halisi alichopewa mtoto kabla hajajua kusoma.

Kizazi cha tatu, kilichosoma kwa Kiarabu tangu chekechea, mara nyingi huelewa Kiswahili cha bibi na kujibu kwa Kiarabu. Mtafiti Nafla Kharusi, katika kazi iliyochapishwa 2012, ameonyesha jinsi jina la Zinjibari linavyogusa hata uamuzi wa mtu kukisema au kutokisema Kiswahili. Baadhi ya mambo yamekwisha kupita hatua ya kumtambulisha mtu. Kando ya barabara za Maskati huuzwa nyama ya kuchoma iliyotungwa kwenye vijiti, Waomani wanaiita mishkak, na hakuna anayetambuliwa kuwa Mzanzibari kwa kuila, kwa kuwa kila mtu anaila.