Visakale vya Ziwa Victoria: Nguvu zinazovunjikia mlangoni

MUHURU BAY ni mji wa wavuvi ulio Nyatike, Kaunti ya Migori, karibu kabisa na mpaka wa Kenya na Tanzania. Anayefuata ufuo wa Ziwa Victoria kutoka hapo kuelekea kaskazini hupita Karungu, akaingia Gwassi katika Kaunti ya Homa Bay, na hatimaye akafika Kendu Bay. Ufuo huu ni makao ya Wajaluo na Wasuba, ambao wengi wao siku hizi huzungumza Kidholuo. Ni eneo lenye utajiri mkubwa wa visakale, yaani masimulizi ya kale kuhusu mashujaa, watu wa ajabu na mahali palipogeuzwa na miujiza.

Vijana wanaopenda michezo ya kompyuta ya njozi, mathalani Final Fantasy iliyoanza nchini Japani mwaka 1987 au The Elder Scrolls iliyoanza Marekani mwaka 1994, hubishana bila kuchoka kuhusu toleo lililo bora kuliko mengine. Visakale vya ziwa navyo vinaweza kupimwa kwa namna hiyo. Kila kimoja kina uwezo usio wa kawaida, sharti la kulindwa, na adhabu ya kulivunja. Vinne kati ya vile vinavyojulikana zaidi ni hivi.

Nyamgondho wa Gwassi

Nyamgondho mwana wa Ombare alikuwa mvuvi maskini. Siku moja, badala ya samaki, alimvua mwanamke mzee asiyevutia macho. Mwanamke huyo alimsihi asimrudishe majini, naye akamchukua hadi nyumbani. Tangu siku hiyo mifugo ilijaa zizini, na Nyamgondho akawa tajiri mwenye wake wengi.

Utajiri ulileta ulevi na majivuno. Usiku mmoja alirejea kutoka kwenye pombe akakuta lango limefungwa. Alipocheleweshewa kufunguliwa, alimtukana yule mwanamke na kumkumbusha kwamba alimwokota ziwani. Mwanamke hakubishana. Aliondoka kurudi majini, na mifugo yote ikamfuata. Nyamgondho alisimama ufuoni akiegemea fimbo yake, akageuka mti. Katika eneo la Nyandiwa, huko Gwassi, wenyeji huonyesha alama kwenye miamba wakisema ni nyayo za mifugo hiyo.

Simbi Nyaima

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la maji ya chumvi linaloitwa Simbi Nyaima. Wanajiolojia hueleza kwamba limo ndani ya shimo lililotokana na volkano, na flamingo huonekana hapo. Masimulizi yanatoa sababu nyingine. Inasemekana palikuwa na kijiji kilichokuwa kikila na kunywa katika sherehe, akatokea bibi kizee aliyechoka akiomba hifadhi. Alifukuzwa. Ni mwanamke mmoja tu aliyemkirimu, naye akaonywa aondoke upesi. Baadaye mvua kubwa ilinyesha, maji yakakimeza kijiji pamoja na watu wake. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanakijiji wa Simbi walimfukuza mgeni, wakakosa kupona.

Luanda Magere

Kisakale cha tatu kinatoka Kano, katika Kaunti ya Kisumu. Luanda Magere alikuwa mpiganaji ambaye mwili wake ulikuwa kama jiwe. Mikuki ya maadui, Walang'o, haikumdhuru. Kwa jina hilo Wajaluo waliwaita majirani wao wa jamii za Wakalenjin. Waliposhindwa vitani, maadui hao walimpelekea msichana mrembo awe mkewe. Siku alipougua, Luanda Magere alimwambia mke huyo achanje dawa kwenye kivuli chake badala ya mwili. Kivuli kilitoka damu. Mwanamke alitoroka na siri hiyo hadi kwao, na katika vita vilivyofuata kivuli kikachomwa mkuki. Shujaa alianguka, akawa jiwe. Mwandishi Okoiti Omtatah alikigeuza kisakale hiki kuwa tamthilia, Lwanda Magere, iliyochapishwa mwaka 1991.

Gor Mahia

Gor Mahia ni tofauti na hao wengine, kwa kuwa alikuwa kiongozi na mganga aliyeishi kweli huko Kanyamwa, eneo la Ndhiwa, hadi siku za mwanzo za utawala wa Waingereza. Masimulizi yanasema aliweza kujibadilisha apendavyo: leo kijana, kesho mzee dhaifu. Jina lake ndilo lililochukuliwa na klabu ya kandanda ya Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968.

Kipi kinatangulia?

Kwa vita na mikiki, Luanda Magere hana mpinzani. Kwa ucheshi na ujanja, Gor Mahia anaongoza. Simbi Nyaima nacho kina ushahidi ambao msafiri yeyote anaweza kwenda kuutazama.

Hata hivyo, vikiwekwa pamoja, visakale hivi vinaonyesha jambo moja: nguvu kubwa haivunjiki uwanjani, huvunjikia mlangoni. Simbi iliangamia kwa mlango uliofungiwa mgeni. Luanda Magere alishindwa kwa siri aliyoitoa ndani ya nyumba yake. Gor Mahia alisalimika kwa kuwa hakuna aliyejua umbo lake halisi.

Kwa kipimo hicho, Nyamgondho anawapita wote. Hakuna adui aliyemvamia wala mke aliyemsaliti. Alipoteza kila kitu kwa maneno yake mwenyewe. Tena ni mvuvi, na katika miji kama Muhuru Bay, ambako usiku mmoja wa bahati unaweza kumpa mtu fedha nyingi na wiki moja ya anasa ikazimaliza, kisa chake hakihitaji kufafanuliwa.

Kutoka siwindhe hadi kompyuta

Zamani visakale hivi vilisimuliwa katika siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto walilala na kufunzwa. Desturi hiyo imefifia sana. Vitabu vimeokoa sehemu yake, ukiwamo mkusanyiko wa B. Onyango-Ogutu na A. A. Roscoe, Keep My Words, uliochapishwa mwaka 1974.

Kompyuta nayo inaweza kuwa siwindhe mpya. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan, mchezo wa njozi uliochota mawazo katika tamaduni za Kiafrika. Watunzi wa Kenya wanaweza kufuata njia hiyo, ila hatari ipo. Michezo ya aina hii humzoeza mchezaji kuongeza silaha hadi amshinde kila adui, ilhali visakale vya ziwa vinafundisha kinyume chake. Mchezo utakaompa Nyamgondho upanga wa kupigania mifugo yake hadi airudishe zizini utakuwa umehifadhi jina lake tu.