Kimondo cha Mbozi na Wajibu wa Kila Mtu

Katika mteremko wa Kilima cha Marengi, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, kipo kimondo chenye urefu wa mita 3 hivi, ambacho karibu chote ni chuma na nikeli. Wenyeji walikijua tangu zamani. Kwa wageni kilijulikana mwaka 1930, mpima ardhi W. H. Nott alipokiona. Desemba ya mwaka huo huo mwanajiolojia D. R. Grantham alitumia saa 10 kukikata kwa msumeno, akapata kipande cha sentimita 10 tu.

Kipande hicho kilikuwa cha elimu. Lakini wapo wengine waliokichonga ili wapate kumbukumbu ya kupeleka nyumbani, na pengo lao linaonekana hadi leo kwenye ncha yake. Mwaka 1967 Serikali ilikiweka chini ya ulinzi wa sheria.

Wanyiha wa zamani walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma. Walikuwa na haja ya chuma kuliko mtalii yeyote, na bado kimondo kilibaki mahali pake. Iwe ni kwa kicho, iwe ni kwa ugumu wake, hakikuwa mali ya mtu mmoja.

Kila aliyebandua kipande alijiambia kwamba chake ni kidogo, na kweli kilikuwa kidogo. Ubinafsi hauhitaji mwizi mkubwa. Unatosha mtu kuhesabu haja yake na kuacha kuhesabu ya wenzake. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ndugu msomaji, haba na haba pia hukimaliza.

Ikiwa chuma kigumu hivyo kimepata pengo, mti na mto vitastahimilije? Tunduma imekua kwa sababu ya barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Mji unaokua hutaka kuni, mkaa na maji. Mwenye shoka hukata mti mmoja. Mwenye jembe husogeza bustani yake hatua moja kuelekea kijito. Udongo unaomomonyoka huteremka na Mto Momba hadi Ziwa Rukwa, kwa wavuvi wasiomjua mkulima yule wala yeye asiowajua.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ni sheria njema, ila hakuna askari wa kutosha kusimama kwenye kila ukingo. Ndiyo maana naithamini zaidi Ibara ya 27 ya Katiba yetu, iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984. Wajibu wa kulinda mali asilia haikuuacha kwa Serikali peke yake. Iliuweka juu ya kila mtu. Aliyeharibu ni mmoja mmoja, na wa kulinda ni mmoja mmoja vilevile.

Mali ya wote tumezoea kuiita shamba la bibi. Tunasahau kwamba bibi huyo ana wajukuu, nao hawajala.