Kijana Brown na Hakimu wa Salem

Katika mwaka 1835 gazeti moja la Marekani lilipiga chapa hadithi fupi ya Nathaniel Hawthorne, iitwayo «Young Goodman Brown». Brown ni kijana Mkristu wa Salem, ameoa karibuni, na mkewe aitwa Faith, maana yake Imani. Jioni moja amwacha nyumbani, aingia mwituni kuonana na mtu ambaye fimbo yake yafanana na nyoka. Mtu huyo ni nani, kila msomaji atambua.

Huko mwituni Brown aona mambo ya kutisha. Mama mzee Cloyse, aliyemfundisha katekisimu utotoni, anaelekea kwenye mkutano wa Shetani. Pasta naye vilevile. Kisha utepe wa kofia ya mkewe waanguka toka juu. Mkutanoni wamejaa watu wenye sifa njema, wamechanganyika na wenye sifa mbaya. Brown apaza sauti kumwambia mkewe atazame mbinguni, na papo hapo yote yatoweka. Je, alikuwa akiota? Mwandishi hasemi. Ila kutoka usiku ule Brown hakumwamini mtu tena. Alimkuta mama Cloyse akimfundisha mtoto dini, akamnyang'anya mtoto yule. Alimpita mkewe bila kumsalimu. Alizeeka hivyo, akafa hivyo, na kaburini pake hawakuandika neno lolote la matumaini.

Sisi makatekista habari ya mama Cloyse yatuchoma, na zaidi tukijua kwamba jina lake halikubuniwa. Sarah Cloyce aliishi kweli, na katika mwaka 1692 alitiwa gerezani kwa shitaka la uchawi.

Wapuritani walikuwa Waprotestanti wa Uingereza waliovuka bahari, wengi wao tangu mwaka 1630, ili wajenge Massachusetts nchi ya watakatifu. Walisoma Biblia kwa bidii, walifanya kazi sana. Hata sikukuu ya Noeli waliikataza kwa sheria toka mwaka 1659 hadi 1681. Dhambi waliijua vema. Lakini Sakramenti ya Kitubio hawakuwa nayo, na walifundishwa kwamba Mungu amekwisha kuwachagua wateule wake tangu milele. Basi kila mtu alijichunguza kama yumo, akamchunguza na jirani yake.

Mwaka ule wa 1692 wasichana fulani wa Salem walianza kupiga kelele na kujikunja, wakisema kivuli cha mama fulani chawasonga. Mahakimu walikubali maneno hayo kuwa ushuhuda. Mtu aweza kujitetea namna gani, akiambiwa kivuli chake kilionekana mahali ambapo mwili wake haukuwapo? Rebecca Nurse, dada yake Sarah Cloyce, mzee wa miaka 71, kwanza wazee wa baraza walisema hana hatia. Wakarudishwa kufikiri tena, naye akanyongwa. Pasta George Burroughs alisimama penye mti wa kunyongea, akasali Baba Yetu yote bila kukosa neno. Watu waliamini kwamba mchawi hawezi kufanya hivyo. Hata hivyo walimnyonga. Waliouawa kwa kamba walikuwa 19, na mzee Giles Corey alikufa akikandamizwa kwa mawe.

Tusijidai. Katika nchi za Kikatoliki za Ulaya pia watu wengi walichomwa moto kwa shitaka hilo, na Padri Friedrich Spee, Mjesuiti, aliandika kitabu mwaka 1631 kuwalaumu waamuzi.

Mmoja wa mahakimu wa Salem aliitwa John Hathorne. Aliwahoji washitakiwa kana kwamba hatia yao imekwisha kujulikana. Mwenzake Samuel Sewall alisimama kanisani mwaka 1697, huku karatasi ya toba yake ikisomwa mbele ya watu wote. Hathorne hakufanya hivyo. Naye ndiye babu wa babu yake Nathaniel Hawthorne, yule mwandishi, ambaye aliongeza herufi moja katika jina la ukoo na kuandika waziwazi kwamba aibu ya wazee wake yamlemea.

Hapo twaielewa hadithi. Brown alihukumu kwa vivuli vya usiku, kama mahakimu walivyohukumu. Mwandishi aliwatia mkutanoni mwa Shetani watu walioshitakiwa kweli, akimjaribu na msomaji: wewe nawe utasadiki? Wengine husema Hawthorne ataka kufundisha kwamba watu wote ni wanafiki. Kwetu sisi waliosoma hivyo wametembea na Brown mpaka mwisho bila kuamka.

Hawthorne hakuwa Mkatoliki. Lakini alikaa Roma, na katika kitabu alichotoa mwaka 1860 msichana Mprotestanti wa ukoo wa Wapuritani, aliyelemewa na siri ya dhambi ya wengine, aingia kanisa la Mtakatifu Petro na kupiga magoti penye kiti cha kuungamia. Mwandishi alikufa mwaka 1864. Bintiye Rose aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1891. Miaka mitano baadaye alipanga vyumba katika mtaa wa maskini huko New York, akaanza kuosha vidonda vya wagonjwa wa kansa ambao watu waliogopa kuwagusa. Mwaka 1900 akawa mtawa wa Kidominiko, Mama Alphonsa, na masista wake wangali wakiwatunza wagonjwa hao bila kupokea malipo.