Nyumba ya Pembe ya Basoko

Mto Aruwimi unaingia katika Mto Kongo pale Basoko. Tarehe 1 Februari 1877 Stanley, yule aliyeitwa baadaye Bula Matari, alifika hapo na watu wake wa Unguja. Mitumbwi 54 ya vita ikamtokea. Bunduki zikashinda mikuki, wenyeji wakakimbia, wageni wakaingia kijijini.

Humo waliona kibanda cha ajabu: paa la duara lililotegemezwa na pembe 33 za ndovu, na chini yake sanamu ya mtu, iliyopakwa rangi nyekundu, yenye ndevu nyeusi. Wakazichukua pembe. Habari hizi Stanley aliziandika mwenyewe kitabuni. Lakini jina la fundi hakuliandika, wala maana ya sanamu ile. Hivyo pembe zilikwenda, na maana ikaenda pamoja nazo.

Mwaka 1889 Dola Huru la Kongo lilijenga boma Basoko. Mikuki na visu vya nchi hii vikapakiwa melini kwenda Ulaya. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yalianza mwaka 1898. Humo vitu vilikingwa na kutu na wadudu. Lakini mara nyingi karatasi yake ilitaja ofisa aliyevileta, si mhunzi aliyevifua.

Kati ya 1976 na 1982 vitu 114 vilirudishwa Kinshasa. Katika fujo za miaka ya 1990 makumbusho ya huko yakaibiwa. Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu kama 84,000, na Julai mwaka huo sheria ikafungua njia ya kurudisha vilivyotwaliwa isivyo haki. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, ndugu, je, nyumbani mwako mna ngoma ya babu au mkuki wa mahari? Uinue juu ya udongo, mchwa wasiufikie. Usiuanike juani, mti hupasuka. Chuma kikae pakavu. Rangi ya zamani usiisugue. Kisha chukua daftari, umwulize mzee: nani alikitengeneza, kwa kazi gani, kinaitwaje? Hatuabudu sanamu, lakini kazi ya mikono ya wazee wetu ni heshima yao. Mwulize leo, angali hai.