Ulinganisho wa kadi za michoro

Ulinganisho wa kadi za michoro ni kazi ya kupima kadi mbili au zaidi za kompyuta zinazotengeneza picha za skrini, ili kujua ipi ina nguvu zaidi na ipi inastahili bei yake. Kadi ya michoro ni ubao wenye kichakataji chake, kumbukumbu yake na feni zake, unaochomekwa kwenye ubao mama wa kompyuta. Hutumika katika michezo ya kompyuta, uhariri wa video, uchoraji wa majengo, filamu za katuni na, miaka ya karibuni, kazi za akili bandia.

Vichakataji vya kadi hizo hubuniwa na kampuni chache tu: NVIDIA na AMD za Marekani, na tangu mwaka 2022 Intel kwa mfululizo wake wa Arc. AMD iliingia katika biashara hii kwa kuinunua kampuni ya ATI ya Kanada mwaka 2006. Kampuni nyingine, kama vile ASUS, MSI na Gigabyte, huchukua vichakataji hivyo na kuunda kadi kamili za kuuza dukani. Kwa sababu hiyo kadi mbili zenye kichakataji kilekile zinaweza kutofautiana kwa feni, kelele na bei, huku kasi yake ikikaribiana sana. Mara nyingi nyongeza ya bei hulipia taa za rangi.

Majina na namba

Jina la kadi ndilo jambo la kwanza analoliona mnunuzi, na ndilo linalopotosha wengi. Katika jina kama GeForce RTX 4060, tarakimu mbili za mwanzo huonyesha kizazi na mbili za mwisho huonyesha ngazi ndani ya kizazi hicho. Kwa hiyo RTX 3080, ingawa ni ya kizazi cha nyuma, ina kasi kubwa kuliko RTX 4060. Namba kubwa si lazima iwe kadi bora.

Tatizo kubwa zaidi ni kadi tofauti kupewa jina moja. GeForce GT 1030 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya aina ya GDDR5, inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 likatoka toleo lingine lenye jina hilohilo, ila likiwa na kumbukumbu ya DDR4 inayopitisha gigabaiti 16.8 tu, yaani karibu theluthi moja. Katika michezo tofauti hiyo huonekana wazi, lakini asiyesoma maandishi madogo kwenye boksi hawezi kuijua. Vilevile GTX 1060 ya gigabaiti 3, iliyotoka mwaka 2016, haikupungukiwa na kumbukumbu peke yake: ina viini 1152, wakati ile ya gigabaiti 6 ina viini 1280. Upande wa AMD, Radeon RX 580 ya kawaida ina viini 2304, lakini mwaka 2018 ilitolewa nchini China nyingine yenye viini 2048, na kwa njia ya maduka ya mtandaoni kadi hiyo imefika mbali na China.

Mara moja malalamiko ya wanunuzi yalizaa matunda. Septemba 2022 NVIDIA ilitangaza kadi mbili zenye jina la RTX 4080: moja ya gigabaiti 16 yenye viini 9728, nyingine ya gigabaiti 12 yenye viini 7680 kwa dola 899. Tarehe 14 Oktoba kampuni iliiondoa ile ndogo kabla haijauzwa. Januari 2023 ilirudi ikiitwa RTX 4070 Ti, kwa dola 799.

Takwimu za kiufundi

Idadi ya viini, kasi ya kichakataji na ukubwa wa kumbukumbu husaidia kulinganisha kadi za kizazi kimoja na kampuni moja. Nje ya hapo hazina maana kubwa, kwa kuwa kiini cha kampuni moja hakifanyi kazi sawa na kiini cha nyingine. Radeon RX 480 ya mwaka 2016 ilikuwa na viini 2304 dhidi ya 1280 vya GTX 1060, na bado kadi hizo mbili zilikuwa wapinzani wa karibu katika michezo ya wakati ule.

Hata ndani ya kampuni moja, vizazi havilinganishwi kwa kuhesabu viini. RTX 3060 ya mwaka 2021 ina viini 3584, na kumbukumbu yake ya gigabaiti 12 hupitisha gigabaiti 360 kwa sekunde. RTX 4060 ya mwaka 2023 ina viini 3072, kumbukumbu ya gigabaiti 8 na gigabaiti 272 kwa sekunde. Kwa karatasi imeshindwa kila mahali, lakini katika michezo mingi ndiyo yenye kasi zaidi, kwa sababu kichakataji chake hukimbia kwa mwendo mkubwa na kina kache ya megabaiti 24 badala ya 3. Tena hutumia wati 115, wakati mwenzake hutumia 170. Hata hivyo, mtu anayetaka kuendesha mfumo wa akili bandia usioenea ndani ya gigabaiti 8 atahudumiwa vizuri zaidi na RTX 3060. Kumbukumbu ikijaa, kazi hupungua kasi ghafla au hukataa kabisa.

Takwimu zenyewe pia zimewahi kuwa na kasoro. GTX 970 ilitoka Septemba 2014 ikiwa na gigabaiti 4 za kumbukumbu, na Januari 2015 ikabainika kwamba nusu gigabaiti ya mwisho ilikuwa ya mwendo wa polepole sana kuliko 3.5 za kwanza. NVIDIA ilishtakiwa Marekani na mwaka 2016 ikakubali kuwalipa wanunuzi dola 30 kwa kila kadi. Ikumbukwe kwamba matokeo ya michezo yaliyopimwa siku ya kwanza hayakubadilika. Kilichobadilika ni karatasi.

Upimaji

Kipimo cha kawaida ni idadi ya fremu, yaani picha kamili, ambazo kadi hutengeneza kwa sekunde moja. Wastani peke yake huficha mengi. Mchezo wenye wastani wa fremu 60 unapaswa kuonyesha kila fremu kwa takriban milisekunde 17, lakini fremu chache zikichelewa hadi milisekunde 100, mchezaji ataona picha ikikwama ingawa wastani haujashuka sana. Mwaka 2011 Scott Wasson wa tovuti ya The Tech Report alieneza njia ya kupima muda wa kila fremu, na tangu hapo wapimaji makini hutoa pia kiwango cha asilimia 1 ya fremu zilizochelewa zaidi.

Kadi hupimwa katika kompyuta moja, kwa mipangilio ileile. Kichakataji kikuu kikiwa dhaifu, kadi ya bei kubwa na ya bei ndogo zitatoa matokeo yanayofanana, kwa kuwa zote zinasubiri. Skrini yenye pikseli 3840 kwa 2160 ina pikseli mara nne ya ile ya 1920 kwa 1080, hivyo matokeo ya skrini moja hayahamishiki kwenye nyingine.

Watengenezaji nao hujua michezo inayotumiwa na wapimaji. Mwaka 2001 wapimaji walibadilisha neno "quake" kuwa "quack" ndani ya programu ya mchezo wa Quake III. Kasi ya Radeon 8500 ikashuka na ubora wa picha ukapanda. Programu ya kuendeshea kadi ilikuwa ikiutambua mchezo kwa jina na kupunguza ubora wake kimyakimya. Leo mkanganyiko unatokana zaidi na fremu za kubuni: kadi hutengeneza fremu mbili halisi, kisha hukisia zilizo katikati. Picha huonekana laini, lakini mchezo hauitikii vidole haraka zaidi. Januari 2025 NVIDIA ilitangaza kwamba RTX 5070 ya dola 549 ingefikia uwezo wa RTX 4090. Hesabu hiyo ilitegemea fremu za namna hii.

Thamani kwa bei

Njia nyepesi ni kugawanya bei kwa idadi ya fremu. Tuseme kadi ya shilingi 600,000 inatoa fremu 60, na ya shilingi 900,000 inatoa 75. Fremu moja ni shilingi 10,000 kwa ya kwanza na 12,000 kwa ya pili, hivyo ya kwanza ina nafuu. Lakini kama mnunuzi hana kompyuta, na vifaa vingine vyote vinagharimu shilingi 1,000,000, fremu moja itakuwa takriban 26,700 kwa kadi ya kwanza na 25,300 kwa ya pili, na matokeo yamegeuka. Hesabu ya kwanza inamfaa mwenye kompyuta tayari. Na kama skrini yake huonyesha fremu 60 tu kwa sekunde, zile 15 za ziada hatazifaidi.

Bei ya kutumia ni ya dukani, wala si ile ya kutangazwa. Bei za Marekani hutajwa bila kodi ya mauzo. Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18 na Kenya ni 16, mbali na usafirishaji. Uchimbaji wa sarafu za kidijitali uliwahi kupandisha bei kupita kiasi, hadi Ethereum ilipoachana nao tarehe 15 Septemba 2022 na kadi nyingi zilizotumika zikamwagika sokoni.

Gharama nyingine ni pawasaplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Tundu la ubao mama hutoa wati 75 tu. Kadi inayozidi hapo huhitaji waya wake, ambao kompyuta nyingi za ofisini zinazouzwa mtumba hazina. Ndiyo maana GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, isiyozidi wati 75, iliendelea kutafutwa miaka mingi baadaye. Umaarufu huo ulizaa kadi bandia: vichakataji vya zamani vilivyobadilishwa programu ya ndani ili vijitambulishe kwa jina hilo. Tangu mwaka 2018 programu ya bure ya GPU-Z inaweza kuzitambua nyingi kati ya hizo, na huchukua dakika chache kuiendesha kabla ya kulipa.